Sanamu ya Rhodes Haikusimama Vile: Namna ya Kuzisoma Picha za Ulimwengu wa Kale

Tafuta kwenye intaneti picha ya sanamu kubwa ya Rhodes, moja ya maajabu saba ya ulimwengu wa kale, na utaletewa jitu la shaba lililotanua miguu juu ya mlango wa bandari, guu moja ukingo huu na jingine ukingo ule, merikebu zikipita katikati na milingoti yake. Walimu huipenda picha hiyo na watoto huikumbuka hadi utu uzima. Sanamu ilikuwepo kweli. Mkao ule ndio haukuwepo.

Tuanze na yanayojulikana. Mwaka 305 KK Demetrius, mtoto wa mmoja wa majemadari wa Aleksander Mkuu, aliuzingira mji wa Rhodes, katika kisiwa cha Kigiriki chenye jina hilohilo, kwa jeshi na mitambo mikubwa ya kuvunjia ngome. Mwaka uliofuata alikata tamaa akaondoka, zana akaziacha palepale. Wenyeji wakaziuza, na kwa fedha iliyopatikana, ambayo mwandishi wa Kirumi Plinius anaitaja kuwa talanta 300, wakamjengea sanamu ya shukrani Helios, mungu wao wa jua. Fundi alikuwa Chares wa Lindos, mwenyeji wa kisiwa hichohicho. Ilimchukua miaka 12. Kimo chake kilikuwa dhiraa 70, yaani meta 32 hivi.

Mnamo mwaka 226 KK likaja tetemeko la ardhi. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, anasema sanamu ilivunjika magotini, na utabiri wa makuhani ukawazuia watu kuisimamisha tena. Ikabaki imelala. Plinius, aliyekufa mwaka 79 wakati volkano ya Vesuvius ilipolipuka, anasimulia kwamba hata ikiwa chini ilikuwa ajabu: ni watu wachache walioweza kulikumbatia dole gumba lake. Masimulizi ya Wabizanti, yaani Warumi wa mashariki, yanasema kwamba Waarabu walipokitwaa kisiwa katikati ya karne ya 7, mabaki yaliuzwa kama shaba chakavu. Ukiyafuata masimulizi hayo, sanamu ilisimama chini ya miaka 60 na ikalala zaidi ya miaka 800.

Sasa angalia: hakuna hata mmoja kati ya waandishi hao anayesema ilitanua miguu juu ya bandari. Habari hiyo inaanza kuonekana mwishoni mwa karne ya 14, pale Mwitalia mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kuhiji Yerusalemu alipoandika aliyoyasikia kisiwani. Kisha mwaka 1572 mchoraji wa Uholanzi, Maarten van Heemskerck, akatoa mfululizo wa picha za maajabu ya dunia, zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba na Philips Galle na kuchapishwa kwa wingi. Ndani yake jitu la Rhodes limesimama miguu upande, merikebu chini yake. (Heemskerck, kwa njia, hakutosheka na saba. Aliongeza la nane, uwanja wa Colosseum wa Roma, mji aliokaa miaka kadhaa ujanani akichora magofu.) Picha zake zilinakiliwa, nakala zikanakiliwa tena, na wachoraji wa karne zilizofuata wakawa wanachora kilichochorwa. Hata Shakespeare, mwaka 1599, katika tamthilia yake ya Julius Caesar, alimfanya mhusika Cassius amfananishe Kaisari na jitu hilo lililotanua miguu juu ya dunia, na kwa tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mwaka 1963 taswira hiyo ikaingia katika Kiswahili na kusomwa shuleni.

Hesabu ndogo inatosha kuivunja. Miguu ya binadamu ni karibu nusu ya kimo chake. Sanamu ya meta 32 ina miguu ya meta 16. Itanue kadiri inavyowezekana bila kuanguka, nafasi kati ya nyayo haitazidi sana meta hizo 16, na mlango wa bandari ya mji wa biashara ni mpana kuliko hapo. Kuijenga pale kungemaanisha kuifunga bandari miaka 12, jambo ambalo watu waliopata riziki yao kwa meli wasingelikubali. Na kama ingevunjika ikiwa imesimama juu ya maji, ingeangukia majini. Dole gumba lingekumbatiwa na nani huko chini?

Je, picha ya Heemskerck ni takataka? Hata kidogo. Ni ushahidi mzuri sana, ila wa mwaka 1572. Inaonyesha jinsi Mholanzi msomi wa karne ya 16 alivyoifikiria Ugiriki ya kale: majengo yake, mavazi yake, merikebu zake. Anayetaka kitu cha karibu zaidi na sanamu yenyewe ageukie sarafu za Rhodes za wakati ule. Zina kichwa cha Helios, nywele nene za mawimbi, na nyingine zina miale ya jua kuzunguka kichwa. Sarafu ni ndogo kuliko ukucha wa dole gumba la lile jitu, lakini aliyeichonga alikuwa jirani yake.

Hapa niseme kidogo kuhusu kazi yetu sisi tunaotunza picha za zamani. Picha ikija mezani, macho hayaanzi katikati. Yanaanza ukingoni, chini kabisa, kwenye maandishi madogo ambayo watu wengi huyakata wanapoiweka kwenye simu. Picha za mabamba ya shaba mara nyingi zina majina mawili au matatu pale. Jina lenye *inv.* au *del.* ni la aliyebuni au kuchora, lenye *sc.* ni la aliyechonga bamba, lenye *exc.* ni la aliyechapisha na kuuza. Kumbe picha moja ina watu watatu, na kila mmoja ameweka mkono wake. Kuna na jingine: bamba likipigwa kwenye karatasi, picha hutoka imegeuka kama kwenye kioo. Mchongaji asiyejali, au anayenakili haraka picha ya mwenzake, anakuachia shujaa mwenye upanga mkono wa kushoto. Nimewahi kusoma maelezo marefu kuhusu maana ya mkono wa kushoto wa mungu fulani, kumbe ni bamba tu lilikuwa limenakiliwa bila kugeuzwa.

Picha zenye makosa ya wazi hazinisumbui sana. Zinazonisumbua ni zile zilizo sahihi nusu. Mwaka 1872 Mfaransa Jean-Léon Gérôme alimaliza picha kubwa ya rangi ya uwanja wa mapambano wa Roma, ambayo leo iko katika makumbusho ya sanaa ya mji wa Phoenix, Marekani. Gladieta, yaani mpiganaji wa uwanjani, amemkanyaga mwenzake, ameinua kichwa kuangalia jukwaani, na pale jukwaani mabikira wa Vesta, makuhani wa kike wa Roma, wenye mavazi meupe wamenyoosha mikono, madole gumba yameelekea chini. Kila anayeitazama anaelewa: muue. Kofia ya gladieta yule si ya kubuni. Gérôme alizisoma vizuri zana zilizofukuliwa Pompeii, mji wa kale wa Kirumi. Lakini dole gumba? Mshairi wa Kirumi Juvenalis anasema watazamaji waligeuza dole gumba. Hasemi waliligeuza kuelekea wapi. Gérôme alipaswa kuchagua, kwa kuwa mchoraji hawezi kuchora dole lisiloelekea popote, akachagua chini. Ukweli wa kofia ukalibeba dole. Ridley Scott alionyeshwa nakala ya picha hiyo kabla ya kukubali kuongoza filamu ya *Gladiator* ya mwaka 2000, na sasa mamilioni ya watu wanaamini hivyo ndivyo Warumi walivyofanya.

Kifo cha Socrates, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyehukumiwa kunywa sumu gerezani, kilichochorwa na Jacques-Louis David mwaka 1787 ni mfano mwingine, ila David alijua alichokuwa akifanya. Socrates, mzee wa miaka 70, amepewa kifua cha kijana wa mazoezi. Upande wa miguuni pa kitanda chake ameketi Plato, mwanafunzi wake, mvi tele, ameinamisha kichwa. Plato mwenyewe ameandika kwamba siku ile hakuwepo, alikuwa mgonjwa, na mwaka ule wa 399 KK hakuwa amefika hata miaka 30. David alimweka pale akiwa mzee kwa sababu ndiye aliyekuja kukiandika kifo hicho baadaye. Anayeitumia picha hii kufundishia falsafa hajakosea. Anayeitumia kuonyesha nani alikuwamo gerezani amepotea.

Wakati mwingine waliochora ni watu wa kale wenyewe, na hapo wengi hulegeza macho. Katika hekalu la Hatshepsut, mwanamke aliyetawala Misri kama farao, huko Deir el-Bahari, ng'ambo ya Luxor, kuna ukuta uliochongwa katika karne ya 15 KK ukionyesha safari ya kwenda nchi ya Punt kwa njia ya Bahari ya Shamu. Merikebu tano. Mabaharia wanapandisha miti ya manemane na mizizi yake ndani ya vikapu, imetundikwa kwenye fito mabegani. Kuna mpingo, pembe za ndovu, dhahabu, ngozi za chui, na nyani wanaotembea kwa raha zao juu ya kamba za merikebu. Nyumba za Punt ni za mviringo, zimeinuliwa juu ya nguzo, na ngazi imeegemezwa mlangoni. Chini ya merikebu kuna maji, na ndani ya maji wamechongwa ngisi, kamba wa baharini na samaki wa kila namna kwa uangalifu kiasi kwamba wataalamu wa viumbe vya bahari wameweza kuwataja kwa jina. Aliyechora samaki wale aliwaona, au alikuwa na michoro ya mtu aliyewaona.

Kwa hiyo samaki tunawaamini. Binadamu je? Mkuu wa Punt, Parahu, amechongwa mwembamba, na nyuma yake mkewe Ati, mwili mkubwa, mgongo umepinda, mikunjo ya nyama mikononi na miguuni. Madaktari wamebishania ugonjwa wake kwa zaidi ya karne. Nyuma yake kuna punda, na maandishi yanayotujulisha kwamba huyo ndiye punda anayembeba mke wa mkuu. Mimi naona kicheko cha Mmisri pale, ingawa wapo wenzangu wanaoona picha ya kweli ya mwanamke mwenye maradhi.

Tazama tena kilicho mbele ya Parahu. Maandishi yanadai watu wa Punt wanaleta kodi kwa farao. Lakini mchongaji ameweka meza, na juu yake kuna shanga, bangili, shoka na jambia, vitu vya Misri. Hiyo ni biashara ya kubadilishana, bidhaa kwa bidhaa, na kodi ni majigambo ya mwandishi wa ikulu. Ukuta mmoja unasema maneno haya na kuonyesha mambo mengine, na mara hii mchoro ndio mkweli kuliko maandishi.

Punt yenyewe ilikuwa wapi? Tafiti za karne hii juu ya nyani waliokaushwa Misri zinaelekeza upande wa Eritrea, Ethiopia na Somalia. Hakuna ushahidi unaoileta hadi pwani ya Kenya na Tanzania, japo hamu ya kuileta ipo.

Jambo moja halimo ukutani, nalo ni sura ya aliyetuma safari hiyo. Miaka kadhaa baada ya kifo chake, mwishoni mwa utawala wa Thutmose III, farao aliyebaki madarakani baada yake, mafundi walitumwa kuchonga na kufuta picha nyingi za Hatshepsut hekaluni humo. Tunachokitazama leo vitabuni mara nyingi ni nakala za mistari zilizochorwa miaka ya 1890 chini ya mwanaakiolojia Édouard Naville, na mmoja wa wachoraji wake alikuwa kijana Howard Carter, yule ambaye mwaka 1922 angeligundua kaburi la Tutankhamun. Nakala hizo zinaonyesha wazi palipofutwa. Picha za rangi zinazozunguka mitandaoni, ambamo malkia amerudishwa kamili na Punt imejazwa minazi na anga la machweo, ni za wachoraji wa karne ya 20 na ya sasa. Kwa darasani ningechukua ya mistari, na chini yake ningeandika: ukuta wa hekalu la Hatshepsut, karne ya 15 KK, nakala ya mwishoni mwa karne ya 19.