Kwa nini naamini utabiri wa vuli kuliko wa masika

Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kusi huvuma Mei hadi Septemba hivi, na kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mvua nyingi hunyesha pepo hizo zinapopokezana. Kaskazi hutoka upande wa Uarabuni ukiwa mkavu. Kusi una unyevu, ila sehemu yake umekwisha kuimwaga kwenye milima ya mashariki ya Madagaska, na ukifika kwetu huambaa na pwani. Ukigonga nyanda za juu za Kenya hubanwa, ukawa mkondo wa kasi kwenye kimo cha kilomita moja na nusu hivi angani, ukavuka bahari hadi India. India hupata wastani wa milimita 870 hivi kati ya Juni na Septemba, wakati Garissa ni vumbi tupu.

Pepo hizi hukutana kwenye ukandamvua, yaani ukanda wa mawingu ya mvua karibu na ikweta, unaolifuata jua kwa kuchelewa wiki kadhaa. Ukanda huo ukipanda kaskazini tunapata masika (Machi hadi Mei), ukirudi kusini tunapata vuli (Oktoba hadi Desemba). Songea na Mbeya hupata msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili.

Vuli ina bwana mmoja: Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko kawaida na ya karibu na Sumatra yakapoa, hewa hupanda huku kwetu na mvua huongezeka. Hali hiyo huitwa dipoli chanya, na kizingiti kinachotumika sana ni tofauti ya nyuzi joto 0.4 za Selsiasi kati ya pande hizo mbili, ikilinganishwa na kawaida. Ilitokea 1961, na Ziwa Viktoria likapanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Ikarudi 1997, 2019 na 2023, kila mara na mafuriko. Mwaka 2022 mambo yaligeuka: dipoli hasi pamoja na La Niña (kupoa kwa maji ya Pasifiki ya kitropiki), na vuli ile ikawa msimu wa tano mfululizo kufeli katika maeneo makavu ya Kenya na Somalia.

Hapa ndipo magazeti hukosea, kwani yakisikia El Niño (maji hayohayo ya Pasifiki yakipata joto kuliko kawaida) hutangaza gharika. El Niño ya 2015 ilikuwa miongoni mwa kali kabisa, lakini vuli haikukaribia ile ya 1997, kwa sababu dipoli ilikuwa dhaifu. Mimi hutazama dipoli kwanza.

Masika hayana bwana. Joto la bahari la Februari halikuambii mengi kuhusu Aprili. Kinachoamua ni mambo ya muda mfupi, mojawapo likiwa wimbi la mawingu na mvua liitwalo Madden-Julian, linalozunguka dunia kwa siku 30 hadi 60. Likiwa juu ya Bahari ya Hindi, upepo wa magharibi huleta unyevu wa Kongo hadi nyanda za juu. Jingine ni vimbunga, na mahali kilipo kimbunga ni muhimu kuliko ukubwa wake. Machi 2018 vilikuwa mashariki ya Madagaska, vikavuta upepo huohuo wa Kongo, tukaloa. Machi 2019 kimbunga Idai alikuwa Mlango wa Msumbiji, akavuta unyevu kusini, na masika ya Kenya yakachelewa.

Ukisoma utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), kumbuka kuwa "wastani" ni asilimia 75 hadi 125 ya mvua ya kawaida. Penye kawaida ya milimita 400, msimu wa 300 na wa 500 yote ni wastani, na theluthi mbili ya mvua hiyo inaweza kushuka ndani ya wiki mbili. Kwa kupanda, kanuni inayotumika sana ni milimita 20 ndani ya siku tatu, bila ukame wa siku kumi baadaye. Kipimo cha mvua kitakupa sehemu ya kwanza; ya pili itafute kwenye utabiri wa siku kumi. Kama kuna kimbunga Mlango wa Msumbiji, mbegu zisubiri hata kama udongo umelowa.