Asali ni ya kula, si ya kutia jichoni: maswali na majibu ya macho kutoka Tabora

Kliniki yetu iko Tabora mjini, lakini maswali mengi hapa chini tumeulizwa chini ya miembe na kwenye vyumba vya madarasa, tunapokwenda na huduma ya mkoba, yaani kliniki ya kuwafuata watu vijijini, huko Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua. Mengine tunayajibu kila msimu wa mavuno, na tutayajibu tena.

Nilikuwa napiga mpunga, kapi limeniingia jichoni. Nifanye nini?

Usisugue. Nawa mikono, chota maji safi kwenye kikombe, inamisha kichwa upande wa jicho lililoingiwa, mtu akumiminie taratibu kuanzia upande wa pua huku unapepesa kope. Likitoka na jicho likatulia, endelea na kazi. Likibaki linakwaruza, linachuruzika machozi na kukataa mwanga, kazi imeishia hapo: nenda zahanati siku hiyohiyo.

Usimruhusu jirani akutoe uchafu kwa ulimi, hata kama ndiye fundi wa kijiji kizima. Wala kwa ncha ya kanga, wala kwa unyasi. Ikiwa kilichoingia ni saruji, chokaa au dawa ya kunyunyizia tumbaku, osha kwa maji mengi nusu saa nzima bila kusimama, kisha ndipo utafute usafiri.

Jeraha dogo hivyo linawezaje kupofusha?

Mbele ya jicho, juu ya ile sehemu nyeusi, kuna utando angavu tunaouita kioo cha jicho. Katikati unene wake ni kama nusu milimita. Jani la mpunga, ganda la hindi, kijiti, ukucha wa mtoto uliyembeba, chochote kati ya hivyo kinatosha kuuchubua. Mchubuko safi hupona wenyewe, mara nyingi ndani ya siku mbili tatu. Ukiingiwa na vijidudu unageuka kidonda: jicho linauma, linakuwa jekundu, na penye weusi panatokea doa jeupe. Kidonda kikipona kinaacha kovu, na kovu likikaa mbele ya mboni unaona kama mtu anayechungulia kwenye dirisha lililopakwa chokaa. Matone hayaondoi kovu.

Kwa hiyo mchubuko wenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kile mnachotia juu yake.

Lakini asali ya Tabora ni dawa, kila mtu anajua. Kwa nini isitiwe jichoni?

Hapana. Asali yetu ni nzuri, nami naila. Ila iliyotoka kwenye mzinga huko porini ina vumbi, nta, vipande vya nyuki na vijidudu ambavyo tumboni mwa mtu mzima havina neno. Kwenye kioo cha jicho kilichochubuka ni habari nyingine. Ipo asali inayotumika kutibu vidonda hospitalini, lakini hiyo imesafishwa mahsusi kuua vijidudu. Ile ya kwenye chupa ya maji nyuma ya mlango haijapitia huko.

Na majani yaliyopondwa? Babu alitiwa akapona.

Hapana. Huenda babu alikuwa na macho mekundu ya virusi, yale yanayoambukizana nyumba nzima. Hayo huisha yenyewe kwa wiki moja au mbili, ukitia jani au usitie. Jani likapewa sifa ya bure.

Mwenye mchubuko ndiye anayelipa. Majani na udongo hubeba fangasi, na fangasi akiingia kwenye kioo cha jicho hatoki kirahisi: ni matone kila saa, mchana na usiku mwanzoni, kisha wiki kadhaa za matibabu, na dawa yenyewe haipatikani kila duka. Wengine jicho hutoboka kabla hatujamaliza.

Yupo mama mmoja aliyeletwa amejifunika kanga usoni kwa sababu ya mwanga. Nilipogeuza kope la juu nikakuta chembe za kijani bado zimeng'ang'ania ndani, kama mboga iliyobaki kwenye sufuria. Mkwe wake alikuwa anatafuna majani na kumtemea jichoni asubuhi na jioni, kwa upendo kabisa. Alichoumia mwanzoni ni jani la mahindi. Alipofika kwetu jicho lile lilikuwa linaona mkono ukipunga tu, basi.

Maziwa ya mama je? Mkojo? Chai ya rangi? Maji ya chumvi?

Hapana. Hapana. Hapana. Na hapana.

Macho mekundu yalipoenea nchini Januari 2024 watu walijitia kila kilichokuwa jikoni. Ugonjwa ule wa virusi ulihitaji kunawa mikono, kutochangia taulo na uvumilivu. Waliotia vitu vyao walijiongezea ugonjwa wa pili.

Kwa kichanga nasema kwa sauti ya juu zaidi. Mtoto wa siku chache akivimba kope na kutoa usaha, si "jicho la upepo" na si la kukamuliwa maziwa. Inaweza kuwa kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa, na hicho hutoboa kioo cha jicho kwa siku chache. Mpeleke leo, usingoje kliniki ya chanjo. Na wazazi wote wawili watibiwe, baba akiwemo, asituachie mama peke yake benchini.

Nilipewa matone dukani, mara ya kwanza yalinisaidia. Si niyarudie?

Yaangalie kwanza. Matone mengi yanayotuliza wekundu haraka yana deksamethasoni au ndugu zake, yaani dawa za steroidi za kuzima uvimbe. Ni dawa ya kweli, lakini ya kupewa na mtu aliyelipima jicho. Kwenye kidonda cha fangasi yanazima wekundu na maumivu huku fangasi akiendelea kula. Mgonjwa anafurahi kwa siku tatu, ya nne anakuja ameshikwa mkono. Ukiyatumia kwa miezi yanapandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho.

Na chupa iliyofunguliwa haikai mwaka. Nyingi mwisho wake ni wiki nne. Ile aliyoachiwa bibi, lebo imefutika, sasa anatiwa mjukuu, itupeni.

Mtoto ana surua na macho yamekuwa mekundu.

Hospitali. Surua hunyonya vitamini A mwilini, na bila vitamini A kioo cha jicho hukauka na kuyeyuka. Anahitaji vitamini A kwa dozi maalumu na macho yachunguzwe. Ukimtia dawa ya kienyeji juu yake unamaliza kazi ambayo surua imeianza. Chanjo ya surua ni miezi 9 na miezi 18. Mnaoikosa ile ya pili nawafahamu.

Mzee wangu ana mtoto wa jicho. Wanasema asubiri uive.

Asisubiri. Lenzi ya ndani imepata ukungu. Inatolewa, inawekwa ya bandia, kwa ganzi, na mara nyingi upasuaji wenyewe hauzidi nusu saa. Ukikomaa sana unakuwa mgumu kutoa. Hakuna tone wala mzizi unaouyeyusha.

Nina zaidi ya miaka 40, herufi za simu sizioni vizuri.

Miwani ya kusomea. Lakini pimwa, na presha ya macho ipimwe hapohapo, maana hiyo haiumi mpaka imekula sehemu kubwa ya uoni.

Gari lenu la mkoba linarudi lini kijijini kwetu? Jicho linauma tangu juzi, nitawasubiri.

Usitusubiri! Tunakuja kwa ajili ya miwani, kupima presha ya macho na kuorodhesha wa upasuaji. Jicho jekundu linalouma halina nafasi ya kusubiri ratiba ya mtu. Ukiwa na maumivu, doa jeupe, uoni ulioshuka, au kitu kimekuchoma, anzia zahanati asubuhi ya leo na uombe rufaa ya kitengo cha macho. Wakikupa dawa na kesho yake jicho ni lilelile au limezidi, rudi wakupe rufaa. Siku tano za "ngoja tuone" ndizo zinazotujazia wadi.

Nimeshatia majani. Naogopa nikija nitafokewa.

Njoo. Na uje na hilo jani, na chupa ya matone, hata kama ni tupu, tujue jicho limepitia nini. Ukinidanganya kwamba hujatia kitu nitaanza na dawa isiyo yake, na siku zinapotea. Akitokea wa kukufokea hapo mlangoni, mwambie alitibu jicho kwanza, maneno atayasema ukishapona.