Klorosisi: Maana ya Majani ya Gadenia ya Chunguni Kugeuka Manjano

Klorosisi ni hali ya jani kupungukiwa na klorofili, yaani ile chembe ya kijani ambayo mmea huitumia kunasa mwanga na kujitengenezea chakula. Si jina la ugonjwa mmoja. Ni dalili yenye vyanzo vingi, na ndiyo maana mbolea inayowekwa kwa pupa mara tu manjano yanapoonekana huweza kuiacha gadenia ilivyokuwa, au hata kuidhuru zaidi.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni majani yapi yaliyotangulia kubadilika rangi. Naitrojeni na magnesi ni virutubisho ambavyo mmea unaweza kuvitoa kwenye majani makuukuu na kuvipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo upungufu wake huonekana kwanza chini. Naitrojeni ikipungua, jani hupauka lote pamoja na mishipa yake. Magnesi ikipungua, manjano hushika pembezoni na katikati ya mishipa, huku sehemu iliyo karibu na kikonyo ikibaki kijani. Chuma, kwa upande wake, kikishaingia katika jani hakihamishiki kwa urahisi, na upungufu wake hujitokeza kwenye majani machanga ya nchani, ambayo huwa manjano huku mishipa ikibaki kijani kama wavu uliotandazwa. Majani machache ya ndani yanayogeuka manjano na kuanguka wakati mmea unachipua upya ni uzee wa kawaida, wala hayahitaji tiba.

Upungufu wa chuma ndio unaoisumbua sana gadenia, na mara nyingi si kwamba chuma hakimo chunguni. Mmea huu hustawi katika udongo wenye asidi, wa pH (kipimo cha asidi: kadiri kinavyokuwa chini ndivyo asidi inavyozidi) kati ya 5 na 6 hivi, ambamo chuma huyeyuka kiasi cha kufyonzwa na mizizi. Kadiri pH inavyopanda, chuma hujifunga katika hali isiyoyeyuka, na mmea hubaki na njaa ya kitu kilicho jirani na mizizi yake. Udongo wa chunguni ni mchache, kwa hiyo hali yake hubadilika upesi kuliko ya ardhini: maji magumu, yenye chokaa nyingi, yakitumiwa mfululizo hupunguza asidi hiyo kidogo kidogo. Maji ya mvua hayana tatizo hilo.

Hata hivyo, kabla ya kulaumu pH ni vyema kuangalia mizizi yenyewe, hatua ambayo wengi huiruka. Udongo uliolowa muda wote hukosa hewa, na mizizi isiyopata oksijeni haiwezi kufyonza chuma hata kikiwa tele. Baridi kwenye udongo nayo hupunguza ufyonzaji. Mmea ukichomolewa taratibu, mizizi mizima huonekana myeupe au ya rangi hafifu na huwa imara, ilhali iliyooza huwa ya kahawia iliyokolea, laini na yenye harufu mbaya. Ikiwa imeoza, dawa ni kukata iliyokufa, kupanda upya katika udongo mwepesi unaopitisha maji, kuhakikisha matundu ya chungu hayajaziba, na kumwaga maji yanayotuama kwenye kisahani. Kuongeza mbolea wakati huo ni kuitwisha mizizi dhaifu chumvi ya mbolea ambayo mizizi hiyo haiwezi kuihimili.

Mizizi ikiwa mizima na dalili zikiwa za chuma, hutumika chuma cha keleti, ambacho kimeunganishwa na kemikali inayokizuia kujifunga udongoni. Aina za keleti hazilingani: ile yenye kemikali iitwayo EDTA hufaa katika udongo wenye asidi lakini hupoteza nguvu pH inapozidi 6.5 hivi, ilhali ile yenye kemikali iitwayo EDDHA hustahimili pH ya juu zaidi. Keleti huulisha mmea kwa muda tu. pH isiposhushwa, manjano hurudi. Salfa huishusha, ila polepole, kwa kuwa ni lazima kwanza bakteria wa udongoni waigeuze kuwa asidi, na kuongeza kipimo kwa kukosa subira huweza kuunguza mizizi. Matokeo ya tiba hutazamwa kwenye majani mapya yanayochomoza, kwani yale yaliyokwisha kuwa manjano kabisa huenda yasirudie ukijani wake.