Je, wajua kwa nini mti wenye kiu hausafishi hewa vizuri?

Ukipita mji wa Moshi mwezi wa Agosti, chuma jani la mgrevilea kando ya barabara ya vumbi, iwe Pasua au Majengo, kisha ligeuze. Juu limefifia kwa vumbi. Chini lina rangi ya fedha, laini kama kitambaa. Ulaini huo ni vinywele vidogo vidogo, navyo husaidia kunasa vumbi.

Watu husema mti unakula vumbi. Hauli, unalishika tu. Bodaboda ikilitimua, linanasa majanini na kusubiri mvua ilishushe chini. Kama shinani ni udongo mtupu, jua likiwaka siku mbili tatu, magurudumu yanalitimua upya. Ndiyo maana wanaojitolea kutunza miti mtaani hutandaza nyasi kavu na majani ya migomba kuzunguka shina.

Moshi wa magari ni habari nyingine. Una gesi kama naitrojeni dioksaidi, ambayo huingia ndani ya jani kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho, vilevile ambavyo mti hupumulia. Mti ukikosa maji, huvifunga vitundu hivyo usije ukakauka. Utauona umesimama, kivuli unatoa, lakini gesi hiyo haiupati mlango wa kuingia.

Sasa tazama kalenda. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1, masika yakiwa yamekolea. Miche inapandwa, picha zinapigwa. Ifikapo Juni mvua imekata, na vuli ni mpaka Oktoba au Novemba. Wengi wetu tumekulia vihambani, kwenye mashamba ya migomba na kahawa ya Mlima Kilimanjaro, Kibosho, Machame au Marangu, ambako mvua ya mlimani na mifongo, yaani mifereji ya maji, vilitunza miti bila sisi kuhangaika. Kuubebea mti dumu la maji hatukuzoea. Huku chini mjini mvua ni chache, na mche ulioachwa peke yake Julai, Septemba ni kijiti.

Kazi yenyewe haihitaji fundi. Unachimba kisahani kuzunguka shina, jioni unamwaga maji taratibu, hata yale uliyooshea mboga, mpaka yanywewe yote. Ukikuta bango la tangazo limepigiliwa shinani kwa misumari, unaing'oa kwa koleo.

Mjakaranda naupenda kama mtu yeyote wa Moshi, ila hupukutisha majani kiangazi, vumbi likiwa limezidi. Penye vumbi jingi ningeanza na mwarobaini.

Na tusiubebeshe mti usichokiweza. Chembe zile ndogo kabisa, za chini ya mikromita 2.5, ndizo zinazozama ndani ya mapafu, na majani hunasa sehemu tu. Taka za plastiki zikichomwa chini ya mti, moshi wake unawafikia watoto kabla majani hayajafanya lolote, na shina nalo linaungua. Kwa hiyo pale penye jalala shinani, tunaanza na sepetu na toroli. Ndoo za maji zinafuata.