Je, wajua? Mungu kujua utakachofanya kesho sio ndo kinachokunyima hiari

Swali lenyewe huwa linakuja hivi: kama Mungu anajua yote, mpaka nitakachofanya kesho, na Mungu hakosei, basi kesho yangu ishafungwa, na kama ishafungwa mbona naambiwa nina dhambi? Ukiliskia mara ya kwanza unaona kabisa hapa hakuna pa kutokea, ama Mungu hajui yote ama sisi hiari hatuna, chagua moja ukalale. Na wengi ndo wanafungia mjadala hapo hapo, wa dini wanasema imeandikwa, wasio na dini wanasema si mnaona.

Kumbe hoja hiyo ilivyo hivyo ina tundu, na tundu lenyewe wala sio la kidini, ni la mantiki tu.

Tumchukue mtu, tumuite Juma. Kesho saa 2 asubuhi Juma atampigia bosi wake simu amwambie tumbo linamsumbua hawezi kuja, na tumbo halina shida yoyote. Mungu analijua hilo tangu leo, tangu milele ukitaka. Sasa hoja inakwenda hivi: lazima, kama Mungu anajua Juma atadanganya, basi Juma atadanganya. Mungu anajua. Kwa hiyo Juma lazima adanganye.

Irudie taratibu uangalie hilo neno lazima limekaa wapi. Mwanzoni limeshika ule uhusiano tu, yaani haiwezekani Mungu ajue kitu alafu kitu hicho kisiwe, na hiyo iko sawa kabisa maana ukijua uongo hujajua, umedhani. Ila pale mwisho lazima limehama kimya kimya likamkalia Juma kichwani, na hakuna aliyelipa ruhusa ya kuhama. Jaribu hoja ileile kwenye jambo lingine: lazima, kama mwanaume ameoa, ana mke. Juma ameoa. Je, ndo tuseme Juma hakuwa na namna, alizaliwa akiwa hawezi kubaki kapera? Hapana bwana, tunachopata ni kwamba Juma ana mke basi, ilivyotokea akawa naye ni habari nyingine. Kwa simu ni vilevile, tunachopata ni kwamba Juma atadanganya. Sio kwamba hana jinsi. Kati ya "atafanya" na "hana jinsi" kuna bonde kubwa, na hoja yote imelivuka kwa kujifanya halipo. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki, alizitenganisha hizi lazima mbili vizuri sana karne ya 13, mfano wake ni wa Socrates aliyeketi: ukimuona ameketi, lazima awe ameketi, lakini hujamkalisha wewe.

Hapa mtu anarukaga juu, sawa, lakini kama Mungu ashajua, Juma anawezaje kubadili mawazo? Si atamfanya Mungu akosee? Hili ndo linakaa vichwani kuliko lote na ndo linahitaji uvumilivu. Wanateolojia wa Kiislamu wana kanuni ya zamani, kwamba elimu inafuata kile kinachojulikana. Mungu anajua Juma atadanganya kwa sababu Juma atadanganya, sio Juma atadanganya kwa sababu Mungu anajua. Kwa hiyo kama saa 1 na dakika 59 Juma angeshika simu akasema aah ngoja niseme tu ukweli sijiskii kazi leo, isingekuwa kwamba Mungu amekosea, ingekuwa kwamba Mungu tangu milele anajua Juma atasema ukweli. Elimu ingekuwa tofauti kwa sababu jambo lingekuwa tofauti. Watu wanadhani hiari maana yake ni uwezo wa kumshtukiza Mungu, wakati hiari maana yake ni uwezo wa kufanya vingine, na hivyo ni vitu viwili.

Aliyeieleza hii kwa mfano bora zaidi, kwa maoni yangu, ni Boethius, mkubwa wa serikali huko Italia aliyefungwa na mfalme Theodoric kwa tuhuma za uhaini akaandika haya akiwa anasubiri kuuawa, kwenye 524 hivi. Anasema ebu fikiri unaangalia nje, kwa mkupuo mmoja unaona jua linachomoza na mtu anatembea. Vyote viwili ukiviona haiwezekani viwe havitokei. Lakini unajua kabisa kwamba jua halina hiari na yule mtu anayo, jicho lako halijawasawazisha.

Hilo jua lake ukilisogeza mpaka kwenye kupatwa kwa jua linafundisha zaidi. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, giza litapita Luxor kule Misri kwa zaidi ya dakika 6, na wanaastronomia wanajua hilo leo bila wasiwasi. Wanajuaje? Hawajaiona 2027. Wanajua kwa sababu mwendo wa mwezi na dunia tayari umelishika tukio, kila kinachohitajika kulileta kipo mezani sasa hivi, wao wanapiga hesabu tu. Sasa kama Mungu anamjua Juma kwa njia hiyo, yaani anasoma ubongo wake na malezi yake na hali ya hewa anapiga hesabu anapata simu ya saa 2, basi ndio, hiari ya Juma iko mashakani, ila angalia kilichoiua ni nini. Ni zile sababu zilizokwisha kumbana Juma, na zingembana hata kama hakuna yeyote duniani wala mbinguni anayejua hesabu. Toa mjuzi, kupatwa kwa jua kunabaki palepale. Boethius anachosema ni kwamba Mungu hajui kwa hesabu, anajua kwa kuona, yuko nje ya muda na kwake jana na kesho ziko mbele kwa pamoja. Na kuona hakusukumi.

Mpaka hapa unaweza kudhani imeisha. Haijaisha, kuna toleo gumu la swali ambalo halitegemei ule mchezo wa lazima, na mwaka 1965 mwanafalsafa Nelson Pike aliliweka wazi kweli kweli. Anasema hivi, jana imepita, hakuna mwenye uwezo juu ya jana. Kama Mungu jana aliamini kwamba Juma atadanganya, hilo nalo ni sehemu ya jana, limeganda. Ili Juma awe na uwezo wa kusema ukweli kesho, inabidi awe na uwezo wa kuifanya jana ya Mungu iwe nyingine, na uwezo huo anautoa wapi? William wa Ockham, mwanafalsafa wa Kiingereza wa karne ya 14, alikuwa na jibu la kumfaa, kwamba sio kila kinachoitwa cha jana kimeganda kweli, vingine ni vya jana kwa jina tu ila vinasubiri kesho kuvikamilisha, kama vile kusema jana ilikuwa siku moja kabla ya Juma kudanganya. Jibu zuri, swali ni kama imani ya Mungu ni kitu cha aina hiyo. Na ukimkimbilia Boethius useme Mungu hana jana, unakutana na unabii: Yesu anamwambia Petro kabla jogoo hajawika utanikana mara tatu, hayo ni maneno yaliyotamkwa usiku fulani yakaskika kwa masikio, yako ndani ya muda kama kiti kilivyo ndani ya chumba. Hapo wanafalsafa wamegawanyika mpaka leo na sioni dalili ya wao kukubaliana.

Wapo walioona bora wakate moja kwa moja. Al-Ash'ari wa Basra, mwanateolojia wa Kiislamu aliyefariki miaka ya 930, alisema kitendo anakiumba Mungu, binadamu anakichuma tu, na wapinzani wake wa Mu'tazila, kundi la Kiislamu lililotetea hiari ya binadamu, wakauliza sasa kuchuma ndo nini. Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, alisema Mungu anajua yajayo kwa kuwa ameyaamua. Gersonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa Ufaransa karne ya 14, alikwenda upande wa pili, akasema yale yanayotegemea hiari yetu Mungu hayajui moja moja. Kila mmoja kalipa bei yake.

Ila ukiniuliza mimi, wote wanaolia na hiari ya Juma wanaangalia upande usio na moto. Elimu ya Mungu haimbani Juma, inambana Mungu mwenyewe. Maana ukijua jambo baya linakuja na una uwezo wote, kwa nini umeliacha? Juma anaweza kuwa huru kabisa akadanganya kwa raha zake, na swali hilo likabaki limesimama.

Na linazidi kuwa kali kadiri elimu inavyopanuliwa. Luis de Molina, Mhispania wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, alitoa kitabu Lisbon mwaka 1588 akidai Mungu hajui tu utakachofanya, anajua pia ambacho ungefanya kwa hiari yako kwenye kila hali ambayo hukuwahi kuwekwa. Wanaolipenda wazo hili wanashika Samweli wa kwanza sura ya 23: Daudi anamkimbia mfalme Sauli, yuko mji wa Keila, anauliza watu wa mji watanitia mikononi mwa Sauli? Mungu anajibu ndiyo. Daudi anaondoka, Sauli hata haji, na jambo lililojulikana halikutokea kabisa. Kwenye Qur'ani, Al-An'am aya ya 28, wanaotamani kurudishwa duniani wanaambiwa hata wangerudishwa wangerudia yaleyale. Wadominiko, shirika lingine la Kikatoliki, walimvamia Molina, Wajesuiti wakamtetea, kesi ikafika Roma ikakaa miaka, na mwaka 1607 Papa Paulo wa Tano akaifunga bila kumpa ushindi yeyote, akakataza kila upande kuuita mwenzake mzushi. Mi hukumu hiyo naipenda sana.

Lakini fikiria Molina akiwa sahihi. Mungu alijua, kabla ya kuumba chochote, kwamba Juma akipata bosi wa namna hii na asubuhi ya namna hii atadanganya, na akipata bosi mwingine angesema kweli. Alafu akampa huyu. Mwanafalsafa J. L. Mackie mwaka 1955 alibana palepale: kama inawezekana mtu achague mema kwa hiari mara moja, inawezekana achague mema kila mara, kwa nini Mungu asiumbe watu wa hivyo tu? Mwanafalsafa wa Kikristo Alvin Plantinga akamjibu miaka ya 1970 kwamba inawezekana kila mtu ambaye Mungu angemuumba, angekuwa na angalau sehemu moja ya kuteleza, na Mungu hawezi kuchagua badala yake bila kuifuta hiari yenyewe. Angalia amesema inawezekana. Hajasema ndivyo ilivyo, alitaka kuonyesha tu kwamba Mungu na uovu havigongani kimantiki, na wengi wanakubali hapo alifaulu.

Kuna jibu la zamani zaidi linalouliza huo uovu ni kitu gani hasa. Augustino alikaa miaka kama tisa na Wamanikea, waliosema mema na mabaya ni nguvu mbili halisi zinapigana, alafu akaachana nao akasema uovu sio kitu, ni upungufu kwenye kitu kizuri, na Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu, naye anasema karibu hivyo. Uongo wa Juma ni mfano mzuri kuliko unavyodhani: unafanya kazi kwa sababu tu watu kwa kawaida husema kweli, bosi ana desturi ya kuamini, lugha ipo, simu ipo, sauti ya Juma ni nzuri, vyote hivyo ni vyema, kilichokosekana ni ukweli tu. Kwa uongo inakaa barabara. Kwa maumivu ya jino inanipa shida, maana jino likiuma saa 9 usiku hakuna anayeona kwamba kuna kitu kimekosekana, anaona kuna kitu kimezidi.

Alafu kuna mabaya ambayo Juma hahusiki nayo kabisa. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliiangusha Lisbon, ndiyo mji uleule wa kitabu cha Molina, watu wakiwa makanisani. Hiari ya nani hiyo? Siku hizi wapo Wakristo wanaosema Mungu anajua kila kinachojulikana ila kesho ya walio huru bado haipo ya kujulikana, na wanaona wamemuokoa kwenye lawama. Sidhani. Mungu wa hivyo hajui leo kama Juma atadanganya, sawa, ila saa 2 kasoro sekunde chache anamuona kashika simu na nia anaiona, na kwa aliyeinua panga ni hivyohivyo, kumzuia hakuhitaji kujua kesho. Wakiulizwa hapo mbona hamzuii, wanarudi kwenye jibu lilelile la wenzao waliowakimbia, kwamba akizuia kila mkono dakika ya mwisho hiari inakuwa jina tu, na maskini lile tetemeko bado halijajibiwa na upande wowote.