Bima ya gari: kabla ya kuuliza bei, uliza atakayelipwa ni nani

“Nina bima hai, mbona silipwi?” Swali hili haliishi kwenye dawati letu la malalamiko. Mwenye gari huja na hati yake mkononi, ada imelipwa yote, tarehe hazijapita. Alimgonga mwenzake kwa nyuma kwenye foleni. Gari la mwenzake limeshatengenezwa na limerudi barabarani. La kwake bado limelala gereji, na kampuni imemwambia matengenezo ni juu yake. Anakuja kwetu akiamini amedhulumiwa. Tukiifungua hati pamoja naye tunakuta alikata bima ya mtu wa tatu, na bima hiyo imefanya kazi yake yote kama ilivyoandikwa. Hakudhulumiwa. Alinunua kitu ambacho hakuna aliyekaa naye akamweleza, na jambo hilo linaniuma kwa sababu maelezo ya dakika tano yangetosha kulizuia.

Maelezo yenyewe yanaanza na hilo neno “mtu wa tatu”. Mkataba wa bima una pande mbili: wewe uliyekata bima, na kampuni iliyokubali kubeba hatari. Mtu wa tatu ni yeyote aliye nje ya mkataba huo ambaye gari lako linaweza kumdhuru: mwenda kwa miguu, mwendesha baiskeli, dereva wa gari la mbele, mwenye ukuta ulioubomoa. Bima hii, ambayo wengi huiita bima ndogo, humlipa huyo. Gari lako likipondeka kwa kosa lako, halimo. Wewe dereva ukivunjika mguu kwa kosa lako mwenyewe, kwa kawaida nawe humo. Hilo linahitaji kinga ya ajali binafsi, ambayo hununuliwa kama nyongeza. Kuhusu abiria wako, sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, tena hata kati ya gari la familia na gari la biashara, kwa hiyo uliza kwa kuwataja: “Niliowabeba wamo au hawamo?”

Serikali nyingi huilazimisha bima hii, na sababu yake ni ya zamani kidogo. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani liliifanya kuwa lazima mwaka 1927, na Uingereza ikafuata kwa sheria yake ya barabara ya mwaka 1930. Tatizo lilikuwa majeruhi walioshinda kesi mahakamani, kisha wakakuta aliyewagonga hana hata cha kuuza. Kwa kuwa sheria ililenga majeruhi, katika nchi nyingi kiwango cha chini cha lazima kilianza na mwili wa binadamu tu, na mali ikaachwa nje. Uingereza yenyewe haikulazimisha kinga ya mali ya mtu wa tatu hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Zipo nchi ambazo mpaka leo hati ya chini kabisa inayoruhusiwa na sheria hugusa vifo na majeraha peke yake. Ukilivunja gari la mtu la kifahari ukiwa na hati ya namna hiyo, deni ni lako. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala wako liwe hili: inagusa mali, na mwisho wake ni kiasi gani? Kila hati ina kikomo, na kinachozidi kikomo hukurudia wewe.

Kuna jambo jingine kuhusu bima hii ambalo madereva wachache sana wanalijua. Katika nchi nyingi sheria huilazimisha kampuni kumlipa majeruhi hata kama wewe umevunja masharti, kwa mfano umemwachia gari mtu asiye na leseni. Majeruhi hana kosa, kwa nini aumie mara mbili? Lakini kampuni ikishamlipa, ina haki ya kukugeukia wewe na kudai fedha zake. Nimewaona watu wakifurahi kwamba “bima imemaliza” kumbe barua ya madai iko njiani kuja kwao.

Katikati kuna bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Inaongeza mambo hayo mawili kwa gari lako na kuishia hapo. Ukigonga, gari lako bado ni mzigo wako.

Halafu kuna bima kubwa. Hii humlipa mtu wa tatu na hulitengeneza gari lako pia, hata kama kosa ni lako. Jina lake huwafanya watu waamini kwamba kila kitu kimo, na imani hiyo huzaa malalamiko machungu kuliko yote tunayoyapokea. Bima kubwa hailipi uchakavu wala injini iliyokufa kwa uzee au kwa kukosa oili. Hailipi dereva akiwa amelewa au hana leseni ya daraja la gari hilo. Hailipi gari lililoandikishwa kwa matumizi binafsi likapata ajali wakati linabeba abiria wa kulipa. Mafuriko, ghasia na milipuko ya kisiasa, vioo, redio na vifaa ulivyofunga baadaye vinaweza kuwemo au kuhitaji nyongeza. Hapo hakuna jibu moja kwa kampuni zote. Na wizi una tafsiri finyu kuliko unavyodhani. Ukimkabidhi mtu funguo kwa hiari yako akatokomea na gari, kampuni nyingi huhesabu hilo kuwa kuvunja uaminifu, na hati nyingi hazilipi uvunjaji wa uaminifu. Ukiliacha gari linaunguruma na funguo ndani huku wewe umeingia dukani, utaambiwa hukuchukua tahadhari.

Ukurasa wa mambo yasiyolipwa ndio wa kuusoma kwanza. Usomeni wawili, wewe na yeyote mwingine anayeliendesha gari hilo.

Sasa tuje kwenye thamani, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Bima humrudisha mtu alipokuwa kabla ya ajali, haimtajirishi. Gari likiharibika kiasi cha kutotengenezeka, au likiibwa lisipatikane, kampuni kwa kawaida hulipa thamani ya soko ya siku ya tukio. Bei uliyonunulia miaka minne iliyopita haiingii kwenye hesabu. Mtu anayeendelea kutaja bei ile ya zamani kila akihuisha bima analipia thamani ambayo hataiona kamwe. Na ikiwa gari ni la mkopo, angalia sana: deni la benki linaweza kuwa kubwa kuliko thamani ya soko, ukalipwa fidia, ikaenda yote benki, na bado ukabaki unadaiwa kwa gari ambalo halipo. Ipo kinga maalumu ya kuziba pengo hilo. Kwa mwenye mkopo mrefu ninaishauri.

Upande wa pili ni anayetaja thamani ndogo ili ada ipungue. Tuseme gari lina thamani ya 20,000 kwa fedha yoyote unayotumia, nawe umelikatia bima kwa 12,000. Umeikabidhi kampuni asilimia 60 ya hatari, na asilimia 40 umeibakiza kwako. Mkataba ukiwa na kanuni ya uwiano, ukipata hasara ya 5,000 utalipwa 3,000. Wengi hudhani upungufu huo hujitokeza gari likiteketea lote tu. La, hujitokeza hata kwenye bampa na taa. Tathmini ya gari kabla ya kukata bima ina gharama ndogo, nayo hukuepusha na makosa yote mawili.

Ada yenyewe hupangwa kwa vitu viwili: uwezekano kwamba gari litapata hasara, na ukubwa wa hasara hiyo ikitokea. Umri na uzoefu wa dereva, ajali zake za nyuma, mahali gari linapolala, umbali linaotembea, kazi linayofanya, vyote huingia hapo. Gari la biashara hulipa zaidi kwa sababu liko barabarani muda mrefu na mikononi mwa watu wengi. Magari ya kisasa yamebadilisha hesabu ya matengenezo kwa namna inayowashangaza wenye magari: bampa ambalo zamani lilinyooshwa na kupakwa rangi leo lina vihisio ndani yake, na kioo cha mbele kilichobeba kamera hakibadilishwi tu, kamera hupangwa upya kwa mitambo. Ndiyo maana gari lenye vifaa vingi vya usalama linaweza kupunguza ajali na bado ada yake isishuke.

Vigezo hivi si sheria za maumbile; jamii inaweza kuvikataa. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kampuni haziwezi kutumia jinsia kupanga ada, na kuanzia tarehe 21 Desemba 2012 mwanamke na mwanamume wa huko walitakiwa kupimwa kwa mambo mengine. New Zealand ilikwenda mbali zaidi upande wa majeraha: tangu 1974 ina mfuko wa taifa unaowahudumia walioumia ajalini bila kuuliza kosa ni la nani. Nayataja haya kwa sababu watu huja kwetu wakiamini ada ni namba iliyoshuka kutoka mbinguni. Una haki ya kuuliza imepatikanaje.

Kuna sehemu ya ada ambayo iko mikononi mwako kabisa. Karibu kila bima kubwa hukuachia sehemu ya kwanza ya kila hasara uibebe mwenyewe. Ukikubali kubeba sehemu kubwa zaidi, ada hushuka. Ni njia nzuri ya kuokoa fedha, ila kwa sharti moja ninalolisisitiza kwa kila anayenisikiliza: kiasi hicho uwe nacho tayari, mahali unapoweza kukichukua kesho asubuhi. Nimeona magari yaliyokubaliwa fidia yakikaa gereji miezi kwa sababu mwenye gari alikosa sehemu yake ndogo. Alichagua ada nafuu bila kuangalia mfuko wake.

Hapo hapo kuna punguzo la kutodai. Kila mwaka unaopita bila madai, kampuni nyingi hukupunguzia ada, na punguzo huongezeka mwaka hadi mwaka. Dai moja linaweza kulifuta au kulirudisha nyuma hatua kadhaa. Kwa hiyo ukikwaruzwa mlango, piga hesabu kabla ya kudai: gharama ya fundi, toa sehemu unayobeba mwenyewe, kisha linganisha kinachobaki na punguzo utakalopoteza mwaka ujao na unaofuata. Mara nyingi kujitengenezea ni nafuu. Hata hivyo, toa taarifa ya tukio kwa kampuni, maana mkwaruzo mdogo leo unaweza kugeuka kuwa madai ya mtu wa tatu mwezi ujao, na hati nyingi hudai taarifa itolewe mapema.

Je, kila mtu anahitaji bima kubwa? Hapana, na sioni haya kulisema nikiwa mtu wa bima. Gari kuukuu ambalo thamani yake ni ndogo, ambalo ukilipoteza utapata jingine bila kukopa, linaweza kukaa vizuri chini ya bima ndogo yenye kikomo kikubwa cha mali ya watu wengine. Lakini gari ambalo ndilo linalokulisha, au ambalo bado unadaiwa, kulikatia bima ndogo ni kuwalinda barabara nzima isipokuwa wewe.

Fomu ya maombi ijaze mwenyewe, au usomewe kila jibu kabla ya kutia sahihi. Mwaka 1766 jaji wa Uingereza, Lord Mansfield, akisikiliza kesi ya bima ya ngome iliyokuwa Sumatra, alieleza kanuni ambayo imeenea duniani: pande zote mbili za bima zinapaswa kusema ukweli, kwa sababu mengi yanayohusu hatari yanajulikana na upande mmoja tu. Baadhi ya nchi zimeilegeza kwa mtu wa kawaida, Uingereza ikiwa mojawapo kwa sheria ya mwaka 2012, lakini msingi umebaki. Ajali ya zamani uliyoificha, kijana wa nyumbani anayeliendesha kila siku lakini hakutajwa, injini iliyobadilishwa: kampuni haitayatafuta siku ya kupokea ada. Itayatafuta siku ya madai. Wakala akikuambia “hilo usiliandike, halina maana”, liandike.

Siku ya ajali, watu kwanza. Kisha piga picha kabla magari hayajasogezwa, kama ni salama kufanya hivyo, chukua namba za magari na za mashahidi, toa taarifa polisi na kwa kampuni. Usitie sahihi karatasi ya kukiri kosa barabarani wala kuahidi kumlipa mtu. Ahadi hiyo inaweza kuifunga mikono kampuni yako, na mikataba mingi inaikataza.

Na ukiliuza gari, bima kwa kawaida haiendi nalo, kwa sababu mkataba ni kati yako na kampuni. Toa taarifa siku ileile ya mauzo, uliza kama kuna ada ya kurudishiwa kwa miezi iliyobaki, na umweleze mnunuzi kwamba stika aliyoiona kwenye kioo haimlindi. Asiliondoe gari hapo kabla hajakata ya kwake.