Bomba la breki ni lipi hasa?

Juzi nimelisikia tena, dukani Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Mteja ataka "bomba la breki" la Peugeot 504. Muuzaji akamletea mpira wa breki, mteja akalipa akaenda zake. Kwa maelezo aliyokuwa akitoa mwenyewe, kinachovuja ni paipu ya chuma.

Kwa ufupi: ukikanyaga breki, masta silinda, yaani pampu ya breki, husukuma mafuta, mafuta hupita kwenye paipu nyembamba za chuma zilizobanwa kwenye bodi, kisha mipira mifupi huyafikisha kwenye magurudumu yanayocheza juu na chini. Pampu, paipu, mpira. Vitu vitatu, na vyote watu huviita bomba.

Neno lenyewe lina historia yake. Tulilipata kwa Wareno, hao hao walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, pamoja na parafujo na roda. Kwa Kireno, bomba ni pampu, chombo cha kuvuta na kusukuma maji. Kiswahili kikalipokea, kisha kikalihamisha kutoka kwenye chombo hadi kwenye njia yenyewe. Bomba la sindano bado lina maana ile ya kale, kwani linavuta na kusukuma. Bomba la moshi halisukumi chochote, ni njia tu. Nyumbani hakuna tabu: ukisema bomba limepasuka, kila mtu akimbilia ndoo. Chini ya gari mambo ni mengine, maana vitu hivi vitatu haviugui ugonjwa mmoja.

Pampu ikichoka, pedali huzama polepole chini ya mguu uliotulia, na huoni tone sakafuni. Mpira ukizeeka huweza kuvimba kwa ndani, gurudumu likabaki limeshikwa hata ukishaachia breki. Paipu ya chuma huliwa na kutu, na kwetu Mombasa huliwa pande mbili: nje kuna chumvi ya bahari, ndani kuna maji, kwa sababu mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa gereji kwamba "bomba zote zimebadilishwa". Nikalala chini na tochi. Mipira mipya, yang'aa. Lakini huko nyuma, klipu inapobana paipu na mchanga kujikalia, nilikwaruza kidogo kwa bisibisi, magamba ya kutu yakanidondokea usoni. Chini ya magamba paipu ilikuwa imelowa mafuta. Hakuna aliyenidanganya, bomba lake na bomba langu havikuwa kitu kimoja.

Paipu kama hiyo haitiwi kiraka wala haiungwi kwa viungio vya maji. Hukatwa mpya, kwa kawaida ya milimita 4.75 kwa nje, ncha zikakunjwa kama za awali. Aloi ya shaba nyekundu na nikeli inafaa sana kwetu kwa kuwa haishiki kutu. Shaba tupu iogopeni: mtikisiko huifanya ikawa ngumu, ikapasuka.

Basi ndugu yangu wa 504, gari liache nyumbani, urudi dukani na mpira wao. Sema wataka paipu ya chuma ya breki, na utaje ni ya gurudumu gani. Nenda na ile kuukuu mkononi, wapime urefu na nati zake.